Filta ya nano, RO, mkaa wa mifupa au simtanki: uchukue ipi kama maji yako yana floraidi

Shemeji yangu kahamia Usa River, huku Arusha, hata mwezi hajamaliza, juzi usiku ananipigia: "Shem, kuna jamaa ananiuzia mashine ya nano, anasema inatoa kila kitu kwenye maji, nichukue?" Nikamuuliza kitu kimoja tu, maji yako umeshapima? Kimya. Basi tukaongea karibu lisaa, na kwa kuwa swali hilihili nishaulizwa na watu kibao wa huku Meru nimeona niliandike tu kama nilivyomwambia yeye, njia moja pembeni ya nyingine, uone ipi inakufaa kabla hujatoa hela.

Tuanze na adui mwenyewe. Huku chini ya Mlima Meru, na ukanda mzima wa Bonde la Ufa mpaka Nakuru kule Kenya, maji yanapita kwenye miamba na majivu ya volkano yanatoka na floraidi. Kidogo haina shida, hata dawa ya meno inayo. Ikizidi ndo balaa. WHO wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, Tanzania kwa miaka mingi tuliruhusu mpaka 4, sasa hivi na sisi tumeshuka 1.5. Matokeo yake unayaona watu wakicheka: meno ya kahawia, yana mabaka, mengine yanamegeka, na ikienda mbali ni mifupa, miguu ya watoto inapinda. Meno yanaharibika wakati yanatengenezwa ndani ya fizi, yaani mtoto kuanzia anazaliwa mpaka kama miaka 8 hivi ndo yuko hatarini hasa, wewe uliyehamia ukubwani na meno yako meupe madoa yale hutayapata ila mifupa yako haijasamehewa.

Na haina rangi, haina harufu, haina ladha. Kisima changu mimi maji yake yalikuwa matamu, baridi, meupe kama ya chupa, nikayapeleka maabara kujiridhisha tu, jibu likarudi 6 na pointi. Miaka yote hiyo tunakunywa na kuyasifia.

Sasa nano inaingiaje. Nanometa 1 ni meta moja ukiigawa kwa bilioni. Unywele wako una unene wa kama nanometa 80,000 mpaka 100,000, bakteria wa kuharisha ni kama 1,000 au zaidi kidogo, virusi ni kuanzia 20 mpaka 300. Floraidi haifiki hata nanometa 1. Kwa hiyo filta inayojisifu kuzuia bakteria, na kweli inawazuia, kwa floraidi ni sawa na kuzuia mbu kwa wavu wa goli. Ukitaka kuitoa una njia mbili kuu za nyumbani: ama utando wenye vitundu vidogo kuliko nanometa 1 halafu usukume maji kwa presha, hiyo ndo RO (reverse osmosis), ama kitu ambacho floraidi ikipita inanasa kwenye ngozi yake. Na ngozi ndo siri yenyewe. Ukichukua gramu moja ya kitu ukakivunjavunja mpaka chembe za nano, au ukakitoboa vitundu vya saizi hiyo, eneo la juu linafika mamia ya meta za mraba, gramu moja tu hiyo, ya kijiko. Sehemu ya kunasia inakuwa kubwa mno.

Ili tulinganishe sawasawa nachukua ndoo moja ya lita 20 kwa siku, maji ya kunywa na kupikia kwa familia ya watu watano. Ya kuoga na kufua achana nayo, floraidi haikuingii kwa kuoga.

Kuchemsha na WaterGuard

Hizi nazipitia haraka. Zinaua vijidudu, basi. Floraidi haiogopi moto wala klorini iliyo kwenye WaterGuard, tena ukichemsha ndo unaiongeza maana maji yanapungua kwa mvuke yenyewe inabaki sufuriani. Na mkaa je? Ukipiga hesabu ya joto la kuchemsha lita 20, kwa jiko la kawaida ambalo robo tatu ya moto inapotelea hewani, ni kama kilo moja ya mkaa kila siku. Kilo 30 kwa mwezi, gunia lina maana yake hapo, na msitu una maana yake pia. Kama maji yako yamepimwa yana vijidudu tu na floraidi iko chini, WaterGuard inatosha na ni rahisi kuliko mkaa.

Filta ya chungu yenye nano ya fedha

Hii ni nano halali kabisa, na ndo wengi wanadanganyika nayo. Fedha nnayosema ni ile ya hereni, siyo ya mfukoni. Unachanganya udongo na vumbi la mbao au pumba za mpunga, ukichoma zile pumba zinaungua zinaacha vitundu, halafu unapaka chembe ndogo ndogo za fedha ambazo zinaua bakteria. Alianzisha Fernando Mazariegos kule Guatemala mwaka 1981, leo vyungu hivi vinatengenezwa nchi nyingi, kwetu pia. Wahindi nao mwaka 2009 walitoa Tata Swach, majivu ya pumba za mpunga yenye chembe za nano za fedha, bila umeme, bei ya chini ya rupia 1,000, wazo zuri sana kwa mtu wa kijijini.

Inatoa lita 1 mpaka 3 kwa saa, haili umeme wala mkaa, na ikichoka inakwambia, maji yanaanza kudondoka tone tone unajua imeziba unaisugua kwa brashi laini. Kwa Dar, Mwanza, Morogoro, mtu mwenye kisima kifupi jirani na vyoo vya watu, nunua kesho. Kwa Usa River? Floraidi inapita kama ilivyoingia. Muuzaji akikwambia "hii ni nano" hajakudanganya, ila hajakujibu ulichouliza.

Mkaa wa mifupa

Hapa nikae kidogo maana huwa unadharauliwa. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuru kwa hewa kidogo, joto kama nyuzi 400 mpaka 600 hivi, inasagwa kama changarawe inawekwa kwenye ndoo, maji yanapita taratibu. Kituo cha serikali cha utafiti wa kutoa floraidi kiko Ngurdoto, hapahapa Meru, wameifanyia kazi miaka mingi, na Nakuru dayosisi ya Katoliki walikuwa na mradi wao mkubwa wa filta hizi.

Kwa nini inafanya kazi? Mfupa umejengwa na vifuwele vya madini ya kalsiamu na fosfeti, virefu makumi ya nanometa tu. Floraidi ikipita inamtoa mwenyeji inakaa yeye kwenye kifuwele. Na jino lako limejengwa na madini hayohayo! Kinachoifanya floraidi ikae kwenye meno na mifupa ya mtoto ndo kilekile kinachosafisha ndoo, yaani unaipa floraidi mfupa wa ng'ombe iung'ang'anie ili iache wa mwanao. Mi nilipoelewa hilo niliacha kabisa kucheka ile ndoo nyeusi ya jirani, maana hiyo nayo ni nano, aliyeitengeneza ni ng'ombe, haina stika tu.

Shida zake zipo. Ikichomwa kidogo maji yananuka na yanatoka ya njano, ikichomwa sana mfupa unakuwa mweupe na haunasi tena vizuri. Kuna watu wa dini fulani hawawezi kunywa maji yaliyopita kwenye mfupa wa ng'ombe, Muislamu naye lazima ahakikishiwe hamna wa nguruwe humo. Na inaisha. Hesabu ya maji yangu: nashusha kutoka 6 mpaka 1.5, yaani natoa miligramu 4.5 kwa lita, kwa ndoo ya lita 20 ni 90 kwa siku. Tuseme gramu moja ya mkaa huo inabeba miligramu 1 mpaka 2, basi ndoo yenye kilo 10 inakwenda miezi kama minne mpaka saba. Baada ya hapo umeweka mapambo.

Na inaisha kimya. Hiki ndo kitu nnachotaka ukishike kuliko vyote. Chungu kikichoka kinaziba. RO ikichoka mtiririko unapungua au namba ya kipimo cha chumvi inapanda. Filta ya kunasa, iwe ya mifupa iwe ya nano ya kisasa kabisa, ikijaa maji yanatoka kwa kasi ileile, matamu yaleyale, masafi yaleyale, floraidi inapita yote na wewe unamchotea mtoto. Kwa hiyo unaponunua usiulize tu inatoa nini, uliza ikifa ntajuaje.

Filta ya nano ya Arusha

Ile iliyotutoa kimasomaso. Dkt. Askwar Hilonga, mtu wa Gongali kule Karatu, alisomea mambo ya nano Korea Kusini mpaka udaktari, akarudi kufundisha chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru. Mwaka 2015 filta yake ikashinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, ndo ilikuwa mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa, pauni 25,000. Mtanzania, wa kwanza kabisa, na kampuni kaipa jina la kijiji chake.

Wazo lake si kwamba aligundua mchanga. Maji yanapita kwenye mchanga kwanza unazuia uchafu na vijidudu, halafu yanakutana na vitu vya nano vinavyonasa madini mazito, floraidi, hata mabaki ya viuatilifu vya mashambani. Na ujanja mkubwa ni kwamba anapanga hivyo vitu kulingana na maji ya eneo husika: huku Meru tatizo ni floraidi, kwenye migodi ni kitu kingine. Ndo maana nasema yeyote anayekuuzia filta "ya kila kitu" bila kupima maji yako hajaelewa hata anachouza. Pia hakulazimisha kila mtu anunue, kuna mtindo wa kukodisha filta kwa watu wanaoweka vituo wanauza maji kwa lita kwa bei ambayo mama wa kawaida anaimudu, na huo kwangu ndo ubunifu zaidi ya kemia yenyewe.

Ukilinganisha na mifupa: haina habari ya harufu wala dini, inashughulika na vitu vingi kwa mpigo, haihitaji umeme. Ila utamtegemea fundi na vipuri vyake, mifupa hata bucha ipo. Na ya kunasa ni ya kunasa, ina siku yake ya mwisho, usikubali kuondoka dukani bila kuandikiwa ni baada ya lita ngapi unabadilisha KWA MAJI YAKO, siyo maji ya kwenye katalogi, maana floraidi ya 3 na ya 10 haziui filta kwa mwendo mmoja.

RO

Hii ndo ngumi nzito. Utando wake umetoka maabara za UCLA kule Marekani tangu karibu mwaka 1960, kabla hata ya neno nano kuwa biashara, na miaka ya 2000 watu wa chuo hichohicho wakachanganya chembe za nano za zeolaiti kwenye utando ili maji yapite kirahisi zaidi. Inakata floraidi zaidi ya asilimia 90 ukiitunza, inakata chumvi, inakata karibu kila kitu, hata madini mazuri, ndo maana watu wanasema maji yake hayana ladha.

Gharama yake haiko dukani tu. Mashine ya kawaida ya nyumbani inamwaga lita 2 mpaka 4 kwa kila lita 1 unayokunywa, kwa ndoo yetu moja unamwaga mbili mpaka nne. Mtaa wenye mgao wa maji hiyo ni dhambi. Yale maji ya kumwaga yana floraidi iliyojikusanya, pigia deki, flashi choo, usiwape mbuzi, na wao wanaharibika meno. Umeme si mwingi, pampu ndogo ya wati 30 hivi ikifanya kazi saa mbili tatu haimalizi hata sehemu ya kumi ya yuniti, ukilinganisha na ile kilo ya mkaa ni kama hamna. Hata sola inaiendesha bila jasho. 

Na kwenye RO kuna mchezo unachezwa. Fundi mmoja alikuja kwangu na kikopo chenye vyuma viwili akavichovya kwenye maji yangu akawasha, maji yakageuka matope ya kahawia, mke wangu akashika mdomo. Akachovya kwenye maji ya RO yakabaki meupe. "Baba, mmekuwa mnakunywa hivi." Jamani! Ule uchafu umetoka kwenye vile vyuma vyenyewe, maji yenye chumvi yanapitisha umeme chuma kinaoza hapohapo, maji ya RO hayapitishi basi. Tia chumvi kidogo kwenye yale masafi uone. Na kile kipimo cha TDS cha kama kalamu kinachoonyesha namba kinapima jumla ya chumvi, hakioni floraidi peke yake wala bakteria. Kinafaa kwa kujua utando umechoka, namba ikianza kupanda, basi.

Simtanki

Ambayo hakuna anayekupigia simu usiku kukuuzia. Maji ya mvua hayapiti kwenye mwamba wa volkano, floraidi yake ni kama hamna. Milimita 1 ya mvua kwenye meta moja ya mraba ya bati ni lita 1. Bati la meta 50 za mraba, mvua ya milimita 100, ni lita 5,000 toa za kupotea. Kiangazi chetu ni kama siku 150 kuanzia mwisho wa masika, mara ndoo moja ya 20 ni lita 3,000. Tanki moja la 3,000 likijaa mwezi wa tano linakufikisha mvua za vuli kama hufulii hayo maji! Mwaga mvua ya kwanza inayoosha kinyesi cha ndege, funga mfuniko vizuri, tia WaterGuard au pitisha kwenye kile chungu cha fedha, ambacho sasa ndo kimepata kazi inayomfaa. Tatizo ni nafasi, bati lisilooza, na nidhamu ya familia, maana mgeni mmoja wa kufua anakumalizia mwezi.

Wa Arusha mjini pia angalieni bomba lenu kwanza, ule mradi mkubwa wa bilioni 520 umeleta maji ya visima vya upande wa Hai yenye floraidi ndogo, wengine mnanunua mashine ya kusafisha maji ambayo tayari yako sawa. Pima.

Sasa uchague. Mpangaji, chumba kimoja, hana pa kuweka tanki: nunua maji ya kituo chenye filta inayoeleweka kwa ajili ya kunywa na kupikia, usinunue mashine. Una nyumba yako na bati zuri: tanki kwanza, hela ikibaki ndo filta ya kumalizia kiangazi. Una mtoto mchanga na kisima kama changu na umeme haukatiki sana: RO, ukubali kumwaga. Shule au zahanati yenye watoto mia mbili: hapo ndo naona filta ya nano au ya mifupa ina maana kubwa, kwa sababu kunakuwa na mtu wa kuandika lita kwenye daftari na kupeleka sampuli maabara. Nyumbani daftari hilo linapotea wiki ya pili, nyumbani kwangu pia lilipotea.

Kitu kingine ambacho filta yoyote haikusaidii: magadi. Unachuja maji mpaka ya mwisho halafu unatia magadi kwenye makande na maharage yaive haraka, mengi ya huku yamejaa floraidi. Loweka maharage usiku. Shemeji nilipomwambia hili alicheka, "Shem, hapo kwa mama mkwe utamwambia wewe."

Kasema anapima wiki hii. Mi kwangu nna tanki la mvua, na ndoo ya mifupa ya kiangazi, kwenye mfuniko nimeandika kwa mark pen tarehe niliyobadilisha. Ni ya Machi. Kesho naenda Ngurdoto.